Bibi Alipoombewa Ukaazi wa Kudumu

Kaseti ilifika Jumatano, imesokomezwa ndani ya soksi mpya ya kiume. Aliyenikabidhi alikuwa muuguzi mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja likizo kutoka huko huko alikokuwa akifanya kazi mjomba wangu. Alinifuata hadi ofisini, hapo Dodoma mjini, ambako nilikuwa mpiga chapa.

"Mjomba wako amesema uisikilize pamoja na mama yake," aliniambia. "Peke yako hapana."

Sikuwa na redio ya kaseti, kwa hiyo kutii hakukunishinda. Kilichonishinda ni kutulia. Kila nilipoingiza mkono kwenye mkoba kutafuta kalamu nilikutana na ile soksi, na Jumamosi ilipofika nilikuwa wa kwanza kufika stesheni kusubiri treni ya kwenda Gulwe.

Bibi yangu, mzaa mama, aliishi Gulwe nyuma ya stesheni, katika nyumba aliyoachiwa na babu. Babu alikuwa fundi wa reli mpaka alipofariki. Watoto wao waliokua ni wawili tu, mjomba na mama yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, baba sikumjua, bibi akanilea. Mjomba alikwenda nje kusomea uuguzi, akapata kazi, akaoa, akabaki. Nchi aliyobakia ina jina lake, lakini bibi aliiita Ulaya tu, nami nitaiita hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo nilipokuwa shuleni yalikuwa na rafu tupu na muuza duka anayesinzia, sasa yalikuwa na sabuni za rangi tatu. Betri za redio zilipatikana bila foleni, na hatukuwa tena na haja ya kuzianika juani ili ziongee siku moja zaidi. Mke wa mkuu wa stesheni alikuja na redio yake, akaiweka juu ya kigoda, akakaa kwenye mkeka pamoja nasi bila kungoja kukaribishwa. Nikabonyeza.

"Mama, shikamoo," ikasema sauti ya mjomba.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaijibu redio. "Hujambo? Watoto hawajambo?"

Lakini mjomba hakungoja, alikuwa ameshafika mbali. Bibi akanigusa goti. "Simamisha. Rudisha nyuma. Nimjibu kwanza, ndipo aendelee."

Nikarudisha. Akamjibu salamu zote, moja baada ya nyingine, mimi nikisimamisha na kuachia, na hapo ndipo tukasikia habari yenyewe. Mjomba alisema kwamba huko aliko, mtu mwenye haki ya kuishi nchini anaweza kumwombea mzazi wake mzee ruhusa ya kwenda kukaa naye. Mzazi awe mjane, awe amevuka miaka sitini na mitano, awe anatunzwa na mwanawe huyo, na kwao asiwe na jamaa mwingine wa karibu anayeweza kumtunza. Alikuwa amepata nyumba yenye chumba cha chini, karibu na jiko. "Si kuja kutembea, mama," ilisema sauti. "Ni ukaazi wa kudumu. Ni kukaa."

Kisha akataja karatasi zinazotakiwa, polepole, kana kwamba ananiona nikiandika. Cheti cha kuzaliwa cha bibi, hati ya kusafiria, cheti cha kifo cha babu, maelezo ya maisha yake, na ushahidi kwamba amekuwa akimtumia fedha miaka yote hiyo. Baada ya hapo, mahojiano ubalozini, Dar es Salaam.

Kaseti ikaisha. Nilimtazama bibi nikidhani atalia. Yeye alikuwa akitazama mlangoni, upande reli inakopita.

"Amesema chumba ni cha chini?"

"Ndivyo alivyosema."

"Basi hakuna ngazi," akasema. "Tuanze na lipi?"

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu bibi, maana watu wengi walidhani tulikuwa tukimng'oa mzee wa watu kwa nguvu. Babu yake alikuja na misafara kutoka pwani, akafika Mpwapwa, akafungua duka la nguo na chumvi, hakurudi. Bibi mwenyewe, kwa sababu ya kazi ya mumewe, alikuwa amesafiri kwa treni hadi Kigoma, Mwanza na Tanga, na kila mji aliukumbuka kwa chakula chake. Alipokuwa na miaka sitini alianza kulalamika kwamba treni zinapita mlangoni kwake kila siku na hazimchukui. Kwa hiyo ile jioni mke wa mkuu wa stesheni alipomuuliza kama haogopi, bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama haogopi kula.

Tulianza na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa nacho, wala hakuna wa rika lake aliyekuwa nacho. Nilichukua ruhusa kazini, tukaenda Mpwapwa, ofisi ya wilaya. Karani alituuliza mzee alizaliwa mwaka gani.

"Nilizaliwa Mtunya," bibi akasema.

Mtunya ni ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo baada tu ya vita ya kwanza ya Wajerumani na Waingereza. Kila mwenyeji anaijua. Karani naye aliijua, lakini kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya njaa, palikuwa na nafasi ya tarehe.

"Lete mtu aliyekuwapo," akatuambia. "Mkubwa kuliko yeye. Aape mbele ya hakimu."

Tulitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za ofisi, moyo umeniishia. Mtu mkubwa kuliko bibi, na aliyekuwapo. Bibi alibaki amesimama, anahesabu majina ya marehemu kwa vidole. Alipofika kidole cha saba akaacha kuhesabu.

"Yupo aliyenibeba," akasema. "Alikuwa mtoto wa jirani, Mgogo. Wazazi wake walimleta kwetu wakati wa njaa apate kula, naye akawa ananibeba. Aliolewa Mlali. Kama yu hai."

Siku iliyofuata tulipanda lori lililokuwa linakwenda Mlali, upande wa Kongwa, kuchukua mahindi. Dereva alimweka bibi mbele, mimi nikakaa nyuma juu ya magunia matupu. Vumbi lilinijaa mpaka kwenye kope. Wala sikujali. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa natafuta mtu ambaye sijui kama yupo.

Alikuwapo. Tulielekezwa kwake na watu watatu, na kila mmoja alitucheka kidogo kwa kuuliza, kwa kuwa hapo Mlali hapakuwa na mtu asiyemjua. Tulimkuta amekaa kwenye kivuli cha ukuta, anabambua karanga, kikongwe mdogo sana, macho yameingia ukungu. Bibi alimwamkia "Mbukwenyi," kisha akaendelea kwa Kigogo, ambacho mimi ninakisikia nusunusu. Akajitambulisha yeye ni mtoto wa nani na walikaa wapi Mpwapwa. Kikongwe akaacha karanga.

"Nyoosha mguu," akasema. Hilo nililielewa. "Wa kushoto."

Bibi akavua kandambili, akanyoosha. Kikongwe akaushika mguu kwa mikono miwili, akapapasa kwa kidole gumba mpaka nyuma ya kisigino, kwenye kovu moja la mviringo nililolijua tangu utotoni. Bibi alikuwa akiniambia sikuzote kwamba alizaliwa nalo.

"Ni wewe," kikongwe akasema. "Nilikulaza karibu na moto nikaenda kucheza. Kaa likaruka. Mama yako alinipiga mpaka nikajikojolea."

Bibi alilitazama kovu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Miaka yote hii," akasema, "kumbe ni wewe."

Tulilala kwake. Asubuhi tukarudi Mpwapwa na lori lile lile, vikongwe wawili wamebanana mbele na dereva, mimi juu ya magunia yaliyojaa. Mbele ya hakimu yule mama aliapa kwa Kiswahili chake cha kuchagua maneno. Hakimu alikuwa kijana, suruali imenyooshwa kwa pasi hadi imeota makali.

"Unajuaje kwamba alizaliwa Mtunya?"

"Mimi nilikuwa nikimbeba," akajibu, "na nilikuwa na njaa."

Hakimu aliandika mwaka. Akagonga muhuri. Niliipokea ile karatasi kwa mikono miwili. Bibi alikuwa na miaka sabini na ushei, kwa mujibu wa sheria.

Hati ya kusafiria ilichukua muda wake, lakini kuna jambo moja la siku ile ya kujaza fomu ambalo nililisimulia ofisini wiki nzima. Ofisa wa uhamiaji alimsogezea bibi kidau cha wino, aweke dole gumba.

"Mimi naandika," bibi akasema.

Akashika kalamu, akaandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni, kwa mkono ulionyooka na mkia mmoja mrefu chini ya mstari. Ofisa aliigeuza karatasi huku na huku.

"Sasa hii nitajuaje kama ni jina lako?"

"Nitaliandika tena," bibi akasema, "ulinganishe."

Akaliandika mara mbili zaidi. Yalilingana kuliko sahihi ya ofisa mwenyewe. Akapitisha.

Kilichofuata kilikuwa ushahidi wa matunzo, na hapo mkosaji nilikuwa mimi. Bibi alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda, na ndani yake bahasha zote za mjomba tangu siku ya kwanza, zimefungwa kwa vipande vya khanga, kila bahasha na barua yake na stakabadhi ya fedha zilizokuja nayo. Nilifungua fungu la kwanza, kisha la pili, kisha nikayafungua yote. Kila bahasha, tangu ya kwanza hadi nilipomaliza darasa la saba, ilikuwa na tundu kwenye kona. Stempu zilikatwa. Pamoja na stempu zikaondoka nusu za mihuri ya posta yenye tarehe.

"Panya?" bibi akauliza.

"Mimi," nikasema.

Nilipokuwa darasa la nne hadi la saba nilikuwa nakusanya stempu. Nilizikata kwa wembe nikiwa nimejificha nyuma ya jiko. Nilizibandika kwenye daftari la mistari, na daftari lile, kwa rehema za Mungu, sikulitupa. Lilikuwa Dodoma, chini ya nguo zangu. Jumamosi ya pili nilirudi nalo Gulwe, tukatandika mkeka, mimi na bibi tukashinda kutwa nzima tukirudisha kila stempu kwenye tundu lake. Nilikuwa nimekata vibaya, na ubaya ule ukatuokoa, maana kila tundu lilikuwa na umbo lake. Nusu ya muhuri ilibaki kwenye bahasha, nusu nyingine ilikuwa kwenye stempu, na zilipokutana duara lilifunga. Bibi alikuwa mwepesi kuliko mimi. Macho yake yalikuwa yamezoea kushona. Kila alipopata alinigonga kidogo begani kwa bahasha, akaiweka upande. Mwishoni zilibaki sita ambazo hazikupata stempu. Tuliziacha kama zilivyo.

Nilirudi mjini nimejaa furaha hata nikajiona nimeshamaliza. Yalibaki maelezo ya maisha yake, na kuandika ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mtu mmoja aliyekuwa akijaza fomu za watu kwenye veranda karibu na mahakama, mjuzi wa mambo hayo, alinishauri bure kabisa.

"Mjukuu usijitaje," alisema. "Wanataka mtu asiye na jamaa. Wewe una kazi, una mshahara. Ukijitaja umemfungia bibi yako mlango. Andika hana mtu."

Nililifikiria neno hilo siku mbili. Kisha saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nikapachika karatasi kwenye mashine nikapiga maelezo. Niliyapiga vizuri, bila kosa hata moja. Yalisema kwamba mjane huyu alikuza watoto wawili, mmoja ni marehemu, mwingine yuko nje, na kwamba hapa nchini hana ndugu wa karibu. Nilipofika kwenye nukta ya mwisho niliisikia mashine ikigonga kama siku zote, lakini sikuweza kula.

Bibi alikuja mjini Jumatatu iliyofuata kutia sahihi. Akakaa kitandani kwangu, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kalamu.

"Rudia hapo pa ndugu wa karibu."

Nikarudia.

"Na wewe ni nani?"

Nikamweleza. Nikamwambia ni maneno ya karatasi tu, na kwamba nikijitaja wanaweza kumkatalia, na mjomba atavunjika moyo baada ya kazi yote ile.

Bibi alifunga kalamu. "Mama yako nilimzika kwa mikono yangu," akasema. "Sasa unataka nikuue wewe kwa wino? Kapige upya."

"Bibi, wakikukatalia je?"

"Watakuwa wamenikatalia mimi. Hivi sasa wangemkubalia mtu mwingine ambaye simjui."

Nikapiga upya. Safari hii nilifanya makosa matatu. Niliandika kwamba ana mjukuu mmoja, mpiga chapa, ambaye alilelewa kwa fedha za mjomba wake na ambaye mshahara wake haufiki mwisho wa mwezi. Ilikuwa kweli tupu, na nilijisikia mwepesi. Bibi akaliandika jina lake kwa mkia ule mrefu.

Siku ya mahojiano tulikuwa Dar es Salaam tangu jana yake, tumelala nyumba ya wageni iliyojaa mbu. Bibi alivaa khanga mpya juu ya gauni la kijani na alikuwa tayari alfajiri, amekaa na bahasha ya karatasi mapajani.

Aliyetuhoji alikuwa dada mmoja wa Kizungu, kijana, miwani imemshuka puani. Alituambia anajua Kiswahili, na kweli alikijua. Kilikuwa kimenyooka kama kimepigiwa rula. Alimuuliza bibi jina, umri na mahali anapokaa, akaandika. Kisha akanielekezea kalamu.

"Huyu uliyekuja naye ni nani?"

"Mke mwenzangu," bibi akasema.

Kwetu hilo ni jambo la kawaida. Bibi na mjukuu wake wa kike hutaniana hivyo tangu mtoto anapojifunza kutembea, kwa sababu mume wa bibi ni mume wa mjukuu pia, kwa utani. Bibi hakuwahi kuniita vinginevyo akiwa na furaha. Lakini kalamu ya yule dada ilisimama. Akapekua karatasi, akarudi mwanzo, akapekua tena.

"Mume wenu yuko wapi?" akauliza.

"Amekufa," bibi akajibu kwa upole.

Dada akanigeukia. Uso wake ulikuwa umejaa huruma ya kweli. "Pole sana," akaniambia. "Uliolewa ukiwa na miaka mingapi?"

Niliona ukaazi wa kudumu unaondoka dirishani. Nikaanza kueleza kwa Kiswahili, nikaingiza Kiingereza changu cha ofisini, nikasema mjukuu, utani, babu, mila, yote kwa mpigo mmoja. Bibi alikuwa akitutazama kwa zamu. Alipoelewa kilichotokea alifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Yule dada alivua miwani. Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akayafuta kwa kiganja, akaandika jina hilo la utani pembeni ya karatasi, akamwomba bibi alirudie asikosee.

Baada ya hapo hewa ya chumba ilibadilika, lakini maswali hayakulegea. Alizitazama bahasha zenye matundu na daftari langu la stempu, nikamweleza kosa langu, akachukua tatu akazilinganisha mwenyewe. Akasoma maelezo. Akafika pale nilipoogopa.

"Mjukuu wako ana kazi. Kwa nini asikutunze yeye?"

"Mshahara wake unamtosha nusu ya mwezi," bibi akasema. "Nusu nyingine tunatunzwa sote wawili na mjomba wake. Angalia stakabadhi." Akamsogezea fungu zima. "Tuliambiwa tuseme sina mtu. Lakini ninaomba kwenda kukaa kwenu. Nikiingia na uongo, nitakaa nao humo humo ndani mpaka nife."

Dada hakuandika hilo.

"Huko kuna baridi sana," akasema.

"Hata Kongwa kuna baridi."

"Utafanya nini huko?"

Bibi alilichukulia swali lile kwa uzito wote. "Nitakaa," akasema. "Si ndiyo ruhusa ninayoomba?"

Tulirudi, yeye Gulwe na mimi Dodoma, bila jibu. Wiki zikapita. Kila siku saa nne nilikwenda posta kufungua sanduku la ofisi, kazi ambayo haikuwa yangu, nikampokonya mhudumu wetu ufunguo kwa maneno matamu. Wiki ya tisa bahasha ikawemo. Niliifungua hapo hapo posta, nimesimama, watu wananipita. Nilisoma mstari wa kwanza, nikausoma tena, nikatoka nje nikakimbia. Sikujua ninakimbilia wapi, kwa sababu Gulwe haifikiki kwa miguu. Nilijikuta stesheni. Mkuu wa stesheni ya Dodoma alikubali kupiga simu ya reli kwa mwenzake wa Gulwe, jambo lisiloruhusiwa, nami nikasikia sauti ya mbali ikisema, "Ngoja, mke wangu ameshatoka mbio kwenda kumwambia."

Koti tulilipata kwenye mitumba. Dodoma nzima hapakuwa na mtu wa kununua makoti mazito ya sufu, yalilundikwa chini kabisa ya mafungu, na muuzaji alifurahi kuona mtu ameinama kuyachambua. Bibi alichagua la bluu lenye vifungo vikubwa. Alilivaa palepale sokoni, jua la utosi, akajigeuza.

"Hili linarudi kwao," akamwambia muuzaji. "Mimi nalisindikiza."

Uwanja wa ndege sikulia mpaka alipopita mlango wa kioo. Alikuwa hatazami nyuma, anamuuliza mhudumu kitu, mkono mmoja umeinua pindo la lile koti lisiguse sakafu. Hapo ndipo nilipojua kwamba sasa mimi ndiye ninayebaki, na kwamba nyumba ya Gulwe nitaifungua mwenyewe. Niliogopa kwa muda. Lakini nilipotoka nje na ndege ikapita juu nilijikuta nimenyoosha mkono kama mtoto, nikipunga, na mzee mmoja mlinzi akanipungia mimi.

Baada ya wiki mbili niliitwa posta kupokea simu. Nilingoja kwenye kibanda hadi mwendeshaji aliponiambia niongee.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mke mwenzangu. Mvua imenyesha?"

"Bado. Wewe huko unaonaje?"

"Kuna basi linapita mlangoni," akasema haraka haraka, kana kwamba dakika zitamwishia. "Nimelipanda mara nne. Ya kwanza na mjomba wako, tatu peke yangu. Mtu akiwa mzee halipi. Nimefika mwisho wa njia, nikageuka nalo. Kesho nitapanda lile la namba nyingine."

Aliishi huko miaka kumi na mmoja. Alirudi kututazama mara mbili, na mara ya kwanza ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Wanawake wa Gulwe walijaa uani kumsikiliza, wakamwambia abaki, nyumba yake ipo, kwa nini arudi kwenye baridi. Nami, kwa siri ya moyo wangu, nilitaka abaki. Bibi aliitoa hati yake, akaufungua ukurasa wenye muhuri wa ukaazi, akauonyesha kwa wote, ingawa wengi hawakuweza kuusoma.

"Nikikaa nje ya kule miaka miwili hii inakufa," akawaeleza. "Mjukuu wangu alipanda magunia kwa ajili ya hii. Siichezei."

Siku ya kuondoka treni ilikuwa ipite saa tano asubuhi. Saa tatu bibi alikuwa ameshavaa koti. Aliponiona bado nafunga mlango alinitazama, akatikisa kichwa, akaelekea stesheni peke yake, nami nikamfuata nyuma na begi, nikijitahidi kumfikia.